Vibano Vinane

Kati ya Makambako na Mlimba reli inashuka kutoka nyanda za juu kwenda bondeni, na kuna sehemu inapita ndani ya milima yenyewe. Mimi sikujua. Nilikuwa nimepanda treni Tunduma, nikalala nimekaa, na asubuhi, muda mfupi baada ya kununua chai dirishani, behewa likaingia gizani. Tukatoka kwenye mwanga. Tukaingia tena. Nilihesabu mahandaki mpaka nikapoteza hesabu, na ndani ya mojawapo treni ikasimama.

Taa hazikuwaka. Mtoto akaanza kulia, akanyamazishwa. Mfanyabiashara wa mpunga aliyekaa mbele yangu, mtu wa Mlimba, akasema gizani kwa sauti ya kawaida kabisa, "Wageni msiogope. Ikisimama humu ni salama. Ya kuogopa ni ikisimama darajani."

"Daraja liko wapi?" nikauliza.

"Mbele ya handaki."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, ingawa mikono yangu ilikuwa imeng'ang'ania kiti na sikuweza kuilegeza. Tulikaa humo kwa muda ambao hadi leo sijui ulikuwa kiasi gani. Kisha treni ikavuta, tukapita juu ya daraja, nikatazama chini na kuona vilele vya miti mbali sana, nikajuta kutazama.

Mlimba tulisubiri tena, nusu siku, bila kuelezwa sababu. Joto la bonde likapanda behewani pamoja na wauza ndizi. Kuanzia hapo nchi ikawa tambarare, kushoto milima ya Udzungwa, kulia mpunga na maji mpaka macho yanapochoka. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, na Ifakara ilikuwa sehemu ya sita kwenda kutafuta kazi. Sasa nimeshavuka arobaini na nimehama mara nyingi kuliko ninavyoweza kuzitaja. Watu wakiniuliza ningerudi mji gani kama ningepewa nafasi, huwa nataja Ifakara. Huwa siwaelezi kwa nini sikurudi.

Kilichonipeleka kule ni barua ya rafiki niliyesoma naye sekondari. Aliandika kwamba kuna karakana ya mradi, wamiliki wake wa ng'ambo wameshaondoka, na wameacha mashine ya kuchonga chuma inayoongozwa na kompyuta ambayo imefunikwa turubai kwa sababu hakuna anayeijua. Alikumbuka kwamba nilifanya kazi kiwandani kaskazini, kwenye mashine kama hiyo.

Ukweli ni kwamba kiwandani nilisimama karibu na mashine kama hiyo mwaka mzima, nikimpa fundi vyuma na kufagia. Kuiendesha mwenyewe niliiendesha miezi miwili, kisha kiwanda kikafungwa.

Mkuu wa karakana alikuwa mzee mrefu, mkimya, mwenye kidole kimoja kifupi kuliko kinavyotakiwa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanipeleka moja kwa moja kwenye turubai.

"Unaijua?"

"Naijua, mzee."

Akanitazama kidogo. "Basi tutaona wote."

Ilikuwa mashine ndogo, urefu wake haukunizidi, ya rangi ya kijani, na skrini yenye herufi za kijani pia. Niliiogopa tangu siku ile na sikuacha kuiogopa. Mashine ya kawaida unaizungusha kwa mkono, na mkono unahisi chuma kinapokataa. Ile ilisikiliza namba tu. Ukiiandikia ishuke milimita mbili, inashuka mbili. Ukikosea ukaandika ishirini, inashuka ishirini, iwe chini kuna chuma, vaisi inayokibana au vidole vyako. Wiki ya kwanza nilikata hewa tu. Niliandika namba, nikapandisha kisu juu mbali na kila kitu, nikakitazama kikichora umbo hewani, kidole changu kikiwa juu ya kitufe chekundu cha kusimamisha. Mafundi wengine walikuwa wakipita wakisema, "Leo umetengeneza nini?" Nikijibu "Bado," wanasema, "Hewa imekatika vizuri lakini."

Aliyezidi kwa utani alikuwa mkerezaji. Alikuwa dada wa Mahenge, Mpogoro, wa umri wangu au amenizidi kidogo, ana mtoto mmoja aliyemwacha kwa mama yake. Ndiye aliyeendesha mashine kubwa ya kukereza, ile inayozungusha chuma chenyewe huku kisu kikiwa kimetulia. Katika bonde lote hakukuwa na mwingine wa kumfikia. Wenye mashine za kukoboa mpunga walitoka Mlimba, wengine walivuka mto pale Kivukoni, wakaleta puli, yale magurudumu ya kuzungushia mkanda, na mihimili yao kwake, na walipomwona ni mwanamke walimuuliza fundi yuko wapi. Alikuwa akiwajibu, "Amekwenda kunywa chai. Niachie mimi nitampa."

Mimi aliniita Mtu wa Reli.

Kazi yangu ya kwanza ya kweli ilikuwa ni yake. Kwenye mashine yake kulikuwa na sahani kubwa ya chuma, pana kama sinia la pilau la harusi, na vyuma vikubwa visivyoshikika kwa njia nyingine vilifungwa juu ya sahani hiyo kwa vibano: vipande vya chuma kigumu, virefu kama kiganja, upande mmoja vina pua ya kukandamizia, katikati vina mfereji wa kupitisha bolti. Vibano vyake vya zamani vilikuwa vimepinda na kulika. Mkuu akafungua kabati, akatoa kipande cha chuma kilichofungwa kwenye khanga kuukuu na kupakwa grisi. Kilikuwa chuma cha zana, kizuri, kilichoachwa na wale wa ng'ambo.

"Hiki ni cha mwisho," akasema. "Tengeneza vinane. Kibano kikikatika huku sahani inazunguka, unajua kinachotokea."

Nilijua. Chuma kilichoshikwa kinaruka. Puli ya mashine ya kukoboa ina uzito wa debe la mpunga na zaidi, na anayeiendesha anasimama hatua moja kutoka pale.

Nilikata vipande tisa, cha tisa kikiwa cha majaribio. Nikavifunga kwenye vaisi kimoja kimoja. Kuiambia mashine sifuri iko wapi, yaani kona ambayo vipimo vyote vitaanzia, tulitumia karatasi ya sigara. Unaweka karatasi juu ya chuma, unashusha kisu polepole huku unaivuta karatasi, na pale karatasi inapobanwa kidogo tu, ndipo sifuri ilipo. Nilifanya hivyo mara tatu kwa kila kipande. Kisha nikabonyeza kitufe cha kuanzia na kurudi nyuma nusu hatua. Maji meupe ya kupoozea yakamwagika, chuma kikaanza kutoka kimejikunja, na mfereji ukaonekana pole pole, umenyooka kuliko mfereji wowote niliowahi kuuchonga kwa mkono. Kipande cha majaribio kiliharibika kidogo kwa sababu ya namba moja niliyoikosea. Vinane vilitoka safi. Mkuu alivipima kimoja baada ya kingine, akavipanga mezani, akasema, "Kumbe unaijua." Ni sifa pekee aliyowahi kunipa. Usiku ule nililala vizuri, kwa mara ya kwanza tangu nifike.

Ilibaki kuvikomaza. Chuma kile kikitoka kwenye mashine ni laini, kinahitaji kupashwa moto mpaka kiwe chekundu kama embe bivu kisha kizamishwe kwenye mafuta. Kwenye mafuta, si kwenye maji. Maji yanakipoza haraka mno, kinapasuka, na mara nyingi kinapasuka kwa ufa mwembamba usioonekana kwa macho.

Pipa la mafuta lilikuwa kwenye banda la nyuma. Mvua zilikuwa zimeanza, na mwaka ule zilikuja kwa fujo, mto Lumemo ulikuwa umejaa na njia ya kwenda kwangu ilikuwa ya kuvua viatu. Mkuu aliniuliza asubuhi, "Mafuta umeyakagua?"

"Nimeyakagua, mzee."

Nilikuwa nimechungulia. Yalikuwa meusi, yamefika nusu ya pipa. Kuchungulia si kukagua, lakini nilisema nimekagua, na yeye alikuwa mtu wa kuamini jibu la fundi.

Nikavipasha tisa vyote, nikaanza na kile cha majaribio. Kila kimoja nilikifunga waya wa kukishikia, waya za urefu tofauti, vipande vya waya wa uzio nilivyovikuta pale. Vingine vilizama mpaka chini kabisa, vingine viliishia katikati. Vilivyofika chini mafuta yalinguruma, yakachemka na kurusha matone mpaka nikaruka nyuma. Nilisema moyoni ni mafuta ya zamani, yana uchafu. Baadaye nikavirudisha kwenye moto mdogo kupunguza ukali, nikavisugua, nikampelekea mkerezaji.

Alikipima kimoja mkononi. "Mtu wa Reli, kumbe unakata na chuma? Nilizoea unakata hewa." Akavitundika kwenye ubao wake. Katika karakana ile kila fundi alikuwa na ubao wake, na hakuna aliyegusa kitu kwenye ubao wa mwenzake bila ruhusa. Mkuu alikuwa akisema kidole chake kifupi kilitokana na mtu aliyegusa.

Ilikuwa Jumatano, kama wiki mbili baadaye. Mama aliyetupikia chakula cha mchana alikuja banda la nyuma akiwa amebeba mfuniko mkubwa wa bati, mweusi kwa masizi.

"Mfuniko wenu huu. Nimepata mwingine."

"Mfuniko wa nini, mama?"

"Si wa pipa lenu? Niliuazima tangu kabla ya mvua. Ule wa sufuria yangu uliingia kutu ukatoboka, na wali wa watu wote hawa nitaupaliaje?"

Alikuwa ameutumia kuwekea mkaa wa moto juu ya sufuria, wali ukauke vizuri, kama kila mtu Ifakara anavyofanya. Wali wake ulikuwa mzuri kweli. Nilipokea mfuniko, nikamshukuru, akaenda zake. Ndipo nilipotazama juu. Bati la banda lilikuwa na tundu, na chini ya tundu lilikuwa pipa.

Nikachukua fito kavu, nikaizamisha mpaka chini, nikaitoa. Ilikuwa nyeusi kwa mafuta kutoka juu karibu yote, lakini ncha yake, urefu wa shubiri moja, ilikuwa ikidondosha maji.

Nilisimama pale nikiitazama ile ncha. Mafuta yanaelea. Mvua ilikuwa imeingia wiki nzima na kulala chini yake, na mimi nilizamisha vyuma vyekundu mpaka chini.

Kipande cha majaribio kilikuwa bado kwenye meza yangu. Nilikipaka mafuta ya taa, nikakiacha yapenye, nikakifuta kikauka kabisa, nikakipaka unga wa chaki. Hii ni njia ya zamani: kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yanatoka na kulowesha chaki. Nilisubiri. Mstari mwembamba kama unywele ukajitokeza kutoka kona ya mfereji hadi ukingoni.

Vinane vingine vilikuwa kwenye ubao wa mkerezaji. Sikukumbuka kipi kilikuwa na waya mrefu na kipi mfupi. Inawezekana vyote vilikuwa vizima. Inawezekana vyote vilikuwa na mstari ule.

Ningeweza kuvuka sakafu, hatua kumi na tano, na kusema. Nimejiuliza miaka mingi kwa nini sikuvuka. Nilikuwa bado kwenye kipindi cha majaribio. Chuma cha mwisho kilikuwa kimetumika. Nilikuwa nimesema nimekagua. Lakini sababu hizo nilizipanga baadaye. Pale pale nilihisi kile nilichohisi handakini, mikono imeshika na haitaki kuachia.

Nikajiambia nitaviangalia kimya kimya. Nikamwendea. "Dada, naomba viwili nivipime tena."

"Vina nini?"

"Nataka tu kuhakikisha vipimo."

"Vipimo vyake mzee alivikagua, vimenyooka kuliko wewe," akasema, lakini akanipa viwili. Kimoja kilikuwa kizima. Cha pili chaki ilitoa mstari. Nikakirudisha kizima, na kile kibovu nikasema kimenidondokea, pua imemeguka, nitamtengenezea kingine. Alinitazama kwa mshangao, kwa sababu chuma cha zana hakimeguki kwa kudondoka. Hakuuliza. Vikabaki saba, sita kati ya hivyo sikuvijua, na sikuwa na uongo mwingine.

Basi nikawa namtazama. Kila alipochukua kibano ubaoni nilisimamisha mashine yangu. Kazi zilizokuja siku zile zilikuwa ndogo, mihimili na vikombe, mara chache alitumia sahani, na akiitumia ilikuwa kwa mwendo mdogo. Hata hivyo nilipata namna ya kuwa karibu. Nilikwenda kuazima kitambaa. Nilikwenda kuuliza saa. Nilimletea miwani ya kazi kutoka stoo, nikamwambia aivae.

"Miaka tisa sijavaa, leo nivae kwa ajili yako?"

"Vaa tu, dada."

Akaivaa. Siku iliyofuata akaivaa tena bila kuambiwa.

Mama wa chakula ndiye aliyelisema hadharani, wakati wa kupakua. "Huyu kijana wa reli chakula hakimpiti. Macho yote kule kwenye mashine kubwa." Mafundi wakapiga meza. "Mgeni kazama," mmoja akasema. "Kazama bila waya." Nilihisi jasho likinitoka, na jasho hilo likawa ushahidi. Mkerezaji alikuwa ameinama juu ya sahani yake ya wali. Alitabasamu, akasema, "Mwacheni ale," kwa sauti niliyokuwa sijawahi kuisikia kwake. Jumapili ile alinitumia salamu kupitia rafiki yangu. Jumatatu alikuja na kitambaa kipya cha kichwani, na watu wakakitaja, na mimi nikakitazama na kuona tu jinsi ambavyo hakingezuia chuma kinachoruka.

Kusema kukawa kugumu mara mbili.

Ijumaa ya pili ikaja puli. Ililetwa na Msukuma mmoja mfugaji aliyehamia bondeni na ng'ombe wake, akauza baadhi na kununua mashine ya kukoboa mpunga. Mavuno yalikuwa yanakaribia na tundu la puli lilihitaji kupanuliwa. Alimwamkia mkerezaji kwa heshima, akamwita mayu, kama kwao wanavyomwita mama, na hakuuliza fundi yuko wapi. Hilo lilimfurahisha. Watu wawili waliinyanyua puli, wakaiweka kwenye sahani. Akachukua vibano vinne ubaoni.

Nilisimamisha mashine yangu. Nikaona anakaza nati ya kwanza kwa spana ndefu, anaegemea kwa uzito wake wote. Ya pili. Ya tatu. Nilijaribu kusoma vibano kwa mbali, kana kwamba ufa ungeniita. Mkuu alikuwa amesimama na mteja, wanazungumza habari za mvua.

Nikaenda. "Dada, punguza mwendo."

"Sijawasha."

"Ukiwasha."

"Mtu wa Reli, mimi nikufundishe kompyuta?" Mteja akacheka. Akakaza nati ya nne, akaizungusha sahani kwa mkono, ikaenda sawa. Akashusha miwani machoni, akanitazama kama mtu anayesema, umeona nimevaa. Akawasha.

Puli ikaanza kuzunguka, polepole, kisha haraka kidogo, mpaka vibano vinne vikawa duara moja la kijivu. Akausogeza mkono kwenye kishikio cha kuongeza mwendo. Sijui nilisemaje. Wanasema nilipiga kelele, mimi nakumbuka nilisema kwa sauti ndogo sana:

"Zima. Vibano vina nyufa."

Akazima. Puli iliendelea kuzunguka kwa muda, kwa uzito wake, na hakuna aliyesogea mpaka iliposimama.

Mkuu akaja. Alivifungua mwenyewe, akaviweka mezani pamoja na vile vya ubaoni, vyote saba, akaniambia nifanye nilichokifanya. Mafuta ya taa, kitambaa, chaki. Karakana nzima ilisimama kuzunguka meza, pamoja na mteja. Kwenye vitatu mstari ulitoka, na kimojawapo kilikuwa kati ya vile vinne. Mkuu akakiweka hicho kwenye ukingo wa fuawe, akakipiga nyundo mara moja. Kilikatika kama muhogo mkavu. Akatuonyesha pale kilipokatikia. Sehemu ndogo iling'aa, chuma kipya. Sehemu kubwa ilikuwa nyeusi, ufa wa zamani uliokunywa mafuta. Kilichokuwa kimeshikilia kilikuwa chembamba kama sarafu.

"Mafuta?" mkuu akauliza.

"Yalikuwa na maji chini. Mfuniko ulikuwa jikoni. Sikukagua."

Mama wa chakula akajishika mdomo. Mkuu akafikiri, akasema tu, "Tutatafuta springi ya lori. Utachonga vingine," akaenda kutazama tundu la bati.

Nilidhani yamekwisha. Mkerezaji alikuwa ameshika nusu moja ya kibano, anaigeuza.

"Ulijua lini?"

Ningeweza kusema asubuhi ile. "Jumatano."

"Juzi?"

"Jumatano ya wiki iliyopita."

Alivua miwani. Niliona anahesabu, si siku tu, bali kila kazi aliyoifunga kwenye sahani ile, moja moja. "Siku tisa," akasema. "Siku tisa unanitazama."

"Dada, nilikuwa naogopa."

"Mimi nilidhani unanitazama." Mafundi waliokuwa wakicheka mezani wote walikuwa pale, na hakuna aliyecheka. Akaiweka miwani juu ya mashine yangu, pembeni ya kile kitufe chekundu, akarudi kwenye kazi yake.

Springi ya lori ni chuma kibaya kuchonga. Ilinibidi kwanza niilainishe kwenye moto na kuiacha ipoe ndani ya majivu siku nzima, na bado ilikula visu viwili. Nilimwaga pipa, nikalisugua, nikaweka mafuta mapya, nikayazamishia fito asubuhi na jioni. Waya zote nikazikata sawa. Vibano vilitoka vinane tena, si vizuri kama vya kwanza. Nilivipeleka kwake. Hakuvipokea mkononi mwangu. Alinionyesha meza, nikaviweka pale, akavipaka chaki mwenyewe, akasubiri nusu saa nzima akivikodolea. Vilikuwa vizima. Akavitundika.

Hakunisemesha tena isipokuwa kwa kazi. Wengine waliendelea kuniita Mtu wa Reli, yeye akaniita fundi. Na mimi niligundua kwamba hofu haikuisha pamoja na nyufa. Kila sahani ilipozunguka nilisimamisha mashine yangu. Namba ziliniruka. Siku moja nilisahau kabisa kuweka sifuri, nikabonyeza, kisu kikaingia kwenye vaisi na kukatika vipande vilivyopita karibu na shavu langu. Mkuu akaniambia nipumzike. Nikamwambia nimepata kazi Dar es Salaam. Haikuwa kweli. Hakuuliza kazi gani.

Siku ya kuondoka nilipita karakana asubuhi kuaga, begi begani. Basi lilikuwa linaondoka saa tatu. Nilimpa mkuu mkono, nikamuaga mama wa chakula, aliyenifungia wali kwenye jani la mgomba na kuniambia nisimwekee kinyongo. Mkerezaji alikuwa amefunga puli nyingine juu ya sahani, kubwa kuliko ya Msukuma. Vibano vinne, vya springi.

"Dada, nimekuja kukuaga."

"Vibano hivi unaviamini?"

"Naviamini."

Akanyoosha mkono kuonyesha sehemu fulani ukutani, ubavuni mwa mashine, usawa kamili wa sahani. Ndiko vitu huruka vikiachia. Hakuna fundi anayesimama pale. Hata wakati wa kufagia tulikuwa tukisubiri mashine zizimwe.

"Simama hapo."

Mkuu alisikia. Nikaweka begi chini, nikaenda nikasimama, mgongo ukagusa ukuta. Mkerezaji akawasha. Safari hii hakuchelewa kwenye mwendo mdogo, aliupandisha mpaka pale kazi ilipoutaka, na upepo wa sahani ukanifikia usoni. Kisu kikagusa chuma kikaanza kulia. Alifanya kazi kama kawaida yake, bila haraka, akipima, akirudia. Hakunitazama hata mara moja. Nilijua chaki haikuonyesha kitu. Nilijua waya zilikuwa sawa na mafuta hayakuwa na maji. Nilirudia hayo yote kichwani, na hofu haikuyasikia. Nilisikia basi likipiga honi mjini. Nilikisikia kila kibano kikipita mbele ya uso wangu, ingawa najua haiwezekani kukisikia kimoja kimoja.

Alipomaliza alizima. Tukasubiri mpaka sahani ikasimama yenyewe.

"Hiyo ni siku moja kati ya tisa," akasema. "Nenda."

Nikachukua begi. Nje, basi lilikuwa limeshaondoka, nikaanza kutembea kwa barabara ya kwenda Kidatu, nikisimamisha kila lori lililopita.